Tulinunua Nini? Gharama, Mafunzo na Matunda ya Vyuo Vidogo vya Vijijini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati katika ukumbi wa kanisa, Makadara, Nairobi)



 

Huenda mmoja wenu akauliza ni kwa nini tumekuja Makadara kuzungumza juu ya vyuo vidogo vilivyo mashambani, ilhali tulipo hapa twasikia ngurumo ya magari ya Barabara ya Jogoo. Jibu letu ni fupi. Chuo kiko kijijini, lakini karo yake hutoka hapa. Hutoka kwa mlinzi wa usiku kule Viwandani, kwa mama auzaye mboga Maringo, kwa utingo wa matatu, kwa mshona nguo wa Makongeni. Mwezi wa karo ufikapo, simu hulia kutoka nyumbani, na pesa huondoka Makadara kwa M-Pesa. Miaka miwili baadaye, kijana aliyesomeshwa hupanda basi na kuja kwa yule yule aliyemlipia, akitafuta kazi. Mwanzo wa safari ni hapa, na mwisho wake ni hapa. Basi tuna haki ya kuuliza yanayotendeka katikati.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja mkaazi wa mitaa hii alikuja ofisini mwetu na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za karo za miaka miwili, zimepangwa kwa tarehe, kila moja imekunjwa kwa uangalifu kama cheti cha ubatizo. Mwanawe alikuwa amesomea ufundi wa umeme katika chuo kidogo cha mashambani, ambacho hatutakitaja. Alimaliza, lakini hakupata cheti. Pesa za mtihani zilikuwa zimelipwa, na stakabadhi yake ilikuwamo. Jina la kijana halikuwahi kupelekwa kwa watahini. Sasa alikuwa akisimama alfajiri kwenye malango ya viwanda akitafuta kibarua cha siku. Aliweza kutandaza nyaya za umeme katika nyumba nzima, ila hakuwa na karatasi ya kumshuhudia.

Mama yule hakutaka kumshtaki mtu. Alituuliza swali moja tu: katika miaka ile miwili, alikuwa amenunua nini? Tulisoma sheria miaka mingi, na hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo tulilokuja nalo leo.

Vyuo hivi vilizaliwa kanisani

Ni vyema tukumbuke vilikotoka. Politekniki za vijijini hazikubuniwa na waziri wala na mfadhili aliyeshuka na ndege. Mwaka wa 1966, Baraza la Makanisa ambalo leo twalijua kwa jina la NCCK lilitoa ripoti ambayo jina lake lenyewe lilikuwa swali: baada ya shule, nini? Nchi ilikuwa changa. Watoto walikuwa wakimaliza shule ya msingi kwa maelfu, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Makanisa yalitazama vijana hao wakizurura vijijini, ama wakiingia Nairobi bila ujuzi, yakasema kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa upepo.

Wazo lao lilikuwa jepesi, na ndani ya wepesi wake mlikuwa na hekima. Chuo kiwe karibu na nyumbani, ili kijana alale kwao na ale kwao. Majengo yasiwe ya fahari. Mafunzo yawe mafupi, na yafuate mahitaji ya mahali. Kijiji kikihitaji waashi, wafunzwe waashi. Waashi wakitosha, darasa hilo lifungwe na jingine lifunguliwe. Shabaha ilikuwa kazi, haikuwa karatasi.

Serikali ilianza kuvisaidia vyuo hivyo kwa ruzuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, navyo vikaenea. Lakini wazazi wakadai mitihani na vyeti. Wako wataalamu waliowalaumu kwa hilo, wakisema waliliharibu wazo la asili. Sisi hatuwalaumu. Mzazi wa Makadara ajua kwamba karani wa lango la kiwanda hatazami mikono ya kijana kwanza, hutazama karatasi. Wazazi hawakukosea kutaka cheti. Kosa lililofuata ni kwamba pamoja na mtihani ulikuja mtaala mmoja, na pamoja na mtaala mmoja zikaja kozi zile zile kila mahali: useremala, uashi, ushonaji, hata pale ambapo kijiji kilikuwa tayari na maseremala kumi wasiokuwa na kazi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wananchi walichangishana katika harambee nyingi ili kujenga vyuo vya teknolojia vya sehemu zao. Wakulima walitoa, walimu walitoa, na ndugu zao waliokuwa wakifanya kazi mjini walitoa. Kimathi kule Nyeri kilianzishwa mwaka wa 1972. Kulikuwa na Murang'a, na kulikuwa na WECO kule Kakamega. Leo viko wapi? WECO kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka wa 2007. Kimathi kikapata hati ya chuo kikuu mwaka wa 2012, na Murang'a mwaka wa 2016. Hata Kenya Polytechnic hapa Nairobi, na Mombasa Polytechnic, vikageuzwa vyuo vikuu mwaka wa 2013. Hatuwaonei kijicho waliosoma humo. Wengine ni watoto wetu. Lakini kila ngazi ilipopandishwa juu, vidato vya chini viliondoka nayo, na yule aliyekuwa amesimama chini akabaki akitazama.

Na walio chini ni wengi. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2023, watahiniwa 201,133 kati ya takriban 900,000 ndio waliopata alama ya C+ na zaidi, iliyo mlango wa chuo kikuu. Hao ni kama 22 katika kila mia. Kwa wale 78 waliosalia, chuo kidogo cha ufundi si jambo la pembeni. Ndilo tumaini kubwa lililosalia.

Gharama: zilizoandikwa na zisizoandikwa

Tutazame sasa gharama. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi 15,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa politekniki ya vijana. Mwaka wa 2018, karo ya vyuo vya ufundi vya serikali ya kitaifa ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ikatoa 30,000 kwa kila mwanafunzi, na 26,420 zilizobaki mwanafunzi aliweza kuziombea mkopo wa HELB. Mfumo huo nao ukabadilishwa kuanzia mwaka wa 2023. Pimeni wenyewe: yule wa politekniki ya kijiji, ambaye kwa kawaida ndiye mnyonge zaidi, alikuwa ametengewa nusu ya yule wa chuo cha kitaifa.

Hata hivyo, karo ni mwanzo tu. Kuna chakula na malazi. Kuna zana na malighafi: mbao, vyuma, vitambaa, nyaya. Kuna ada za mtihani. Kuna miezi ya mafunzo kazini, ambapo kijana hufanya kazi bila mshahara huku akihitaji nauli, chakula na mahali pa kulala. Na kuna gharama isiyoandikwa popote, nayo ni kazi ambayo kijana angeifanya nyumbani katika miaka ile miwili. Wengi wa wanaoacha masomo hawaachi kwa uvivu. Huacha kwa sababu waliambiwa karo, na hawakuambiwa mengine.

Hapa twataka kuwatendea haki wakuu wa vyuo hivyo. Tumezungumza na kadhaa wao. Wengi wanalipa mishahara ya walimu wa ufundi kwa karo ya wazazi, ruzuku huchelewa, na cherehani moja hutumiwa na wanafunzi wanane. Mkuu wa namna hiyo hufungua kozi isiyohitaji mashine, na huitangaza kwa maneno makubwa. Naye amedhulumiwa. Lakini dhuluma aliyotendewa haimpi ruhusa ya kuipokeza kwa mtoto wa mwingine.

Matunda: hesabu tatu za mlangoni

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaomba tuwaonyeshe daftari lenyewe.

Tuchukue mfano wa kukisia. Chuo kimewapokea wanafunzi 40. Baada ya miaka miwili, 20 wanafanya mtihani, na 18 wanafaulu. Siku ya mahafali, mkuu atasimama na kutangaza kwamba chuo kimefaulisha 90 kwa mia, nasi tutapiga makofi. Hakusema uongo. Lakini hakuwataja wale 20 waliopotea njiani, wala hakusema ni wangapi kati ya wale 18 walio kazini.

Tuendelee na mfano huo. Chuo kikitumia shilingi 1,600,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili ni 3,200,000. Wakihitimu 16, kila fundi amegharimu shilingi 200,000. Wakihitimu 32, kila mmoja amegharimu 100,000. Majengo ni yale yale, na walimu ni wale wale. Kilichopunguza gharama si kupunguza karo. Ni kuwazuia vijana wasipotee njiani.

Kwa hiyo twasema kwamba kila chuo, kiwe cha umma, cha kanisa ama cha mtu binafsi, kina wajibu wa kubandika mlangoni hesabu tatu za kila mwaka: wangapi waliingia, wangapi walimaliza na vyeti mkononi, na wangapi, mwaka mmoja baadaye, wanaishi kwa ufundi waliojifunza. Hesabu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo yenye ukweli. Nayo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji daftari, simu, na mwalimu anayewakumbuka wanafunzi wake.

Lakini twatahadharisha. Hesabu ni kisu. Hukata chakula na hukata kidole. Wako watakaozitazama hesabu hizi na kusema kwamba chuo kidogo ni ghali, basi na kifungwe, wanafunzi wapelekwe kwenye chuo kikubwa cha mjini. Hao tuwakatalie. Msichana aliyezaa akiwa shuleni hawezi kwenda bweni la mbali. Lakini aweza kutembea nusu saa hadi chuo cha kijijini, mtoto mgongoni. Jirani zetu wa Tanzania wana Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka wa 1975 na ambavyo ni zaidi ya 50, na vyuo hivyo vimewapokea wasichana walioacha shule kwa sababu ya uja uzito, pamoja na watoto wao wachanga. Udogo na ujirani vina thamani isiyoonekana katika mstari wa gharama. Tunadai hesabu ili vyuo vidogo viponywe, si ili vizikwe.

Sheria yasemaje?

Sisi ni mawakili, na mtatulaumu tukiondoka bila kuigusa sheria. Jambo la kwanza ni kujua mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea, politekniki za vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na malezi ya watoto wadogo. Vyuo vikuu na taasisi nyingine za elimu ya juu vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo paa la politekniki ya kijiji likivuja, usimwendee mbunge. Mwendee mwakilishi wa wadi na gavana. Tena angalieni hekima ya mstari huo mmoja: karakana ya fundi na malezi ya mtoto vimewekwa pamoja. Waliouandika walijua kwamba anayejifunza kushona huenda ana mtoto wa kunyonyesha.

Je, kaunti zimeshika wajibu huo? Mwezi wa Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba zisitoe basari kwa shule za sekondari na vyuo vikuu bila makubaliano na serikali ya kitaifa, kwa kuwa hiyo si kazi yao kikatiba. Jambo hilo likafikishwa mahakamani. Hatutaingilia kesi. Na twajua kwamba familia nyingi hapa zimefaidika na basari hizo. Lakini swali la haki ni hili: ikiwa kaunti imepata pesa za kugharimia kazi ya mwingine, kwa nini kazi yake yenyewe haina cherehani? Jibu mwalijua. Basari hugawanywa hadharani, na picha hupigwa. Mashine ya kuchomelea vyuma haipigi makofi.

Jambo la pili ni haki ya kujua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine ikiwa zahitajika ili kulinda haki fulani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu katika siku 21. Isipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Kifungu cha 55 nacho chaiamuru serikali kuhakikisha vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa. Neno lililotumika ni kufaa. Hawakuandika mafunzo yoyote yale.

Jambo la tatu ni usajili. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka wa 2013, hakuna chuo kinachoruhusiwa kufundisha ufundi bila kibali cha mamlaka ya TVETA. Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, ulizeni kama chuo kina kibali, na kama kozi hiyo yenyewe ina kibali, kisha ulizeni ni nani atakayetahini. Swali hilo la dakika tano lingaliweza kumwokoa mama yule miaka miwili.

Tufanye nini?

Tulipokuwa watoto wa shule ya msingi, Julai 7, 1990, watu waliandamana kuelekea uwanja wa Kamukunji, ambao hauko mbali na hapa. Walipigwa, na wengine hawakurudi nyumbani. Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Wazee wetu hawakuteswa ili tuwe na vyama vingi vya kuhesabu. Waliteswa ili mwananchi aweze kumuuliza mwenye mamlaka swali, naye alazimike kujibu. Haki hiyo isipotumiwa kwa mambo madogo, kama vile cherehani na ada ya mtihani, itaota kutu, na siku ya mambo makubwa haitakata.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kikundi cha kanisa hapa kifungue daftari la vijana wanaosomeshwa kutoka Makadara: chuo, kozi, kiasi kilicholipwa, na matokeo. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na elimu ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyo nayo.

Pili, stakabadhi ya mtihani isiwe mwisho wa habari. Mzazi aombe nambari ya mtahiniwa, na aiombe mapema, kabla usajili haujafungwa.

Tatu, tuandike barua. Tunaweza kuanzia hapa nyumbani, kwa kuwa Kaunti ya Nairobi nayo ina vyuo vyake vya ufundi. Barua ya ukurasa mmoja, ikiuliza hesabu zile tatu na kiasi cha pesa kilichotolewa, nakala ziende kwa wawakilishi wa wadi za Maringo/Hamza, Viwandani, Harambee na Makongeni. Mkumbuke majira pia: mpango wa fedha wa kaunti huwasilishwa kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Anayelia mwezi wa Julai amekuja baada ya chakula kuliwa. Na kila mmoja wenu aliye na kwao aipeleke barua kama hiyo huko kwao.

Nne, tuanze na boma letu wenyewe. Makanisa bado yana vyuo vingi vya ufundi. Tusimdai gavana daftari ambalo askofu hajalifungua. Chuo cha kanisa kikiwa cha kwanza kubandika hesabu zake mlangoni, hata zikiwa za aibu, tutakuwa na uso wa kusimama mbele ya wengine.

Ndugu zetu, hatukuwaeleza mwisho wa habari ya mama yule. Tuliandika barua ya madai, na pesa za mtihani zikarejeshwa. Miaka miwili haikurejeshwa, wala hakuna mahakama iwezayo kuirejesha. Baadaye kijana alifanya mtihani wa ufundi wa NITA wa daraja la tatu, kwa ujuzi alio nao mikononi, akafaulu. Leo anafanya kazi ya umeme. Mama alituletea nakala ya cheti, akaomba tuiweke ndani ya ile bahasha ya kaki, pamoja na stakabadhi zake.

Bahasha hiyo ingali ofisini mwetu. Tunaitunza ili itukumbushe kwamba swali lake bado halijajibiwa kwa wengine walio wengi. Nanyi mtakapotuma karo tena, tumeni na swali. Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono ya watoto wetu.